Wanaofungua Droo Jioni

Mhifadhi hodari wa makumbusho ya viumbe hujulikana kabla hajafungua kinywa. Huingia ukumbini na kisanduku chake, huweka kitu kimoja mezani, huisogeza taa ikimulike, kisha hunyamaza. Kitu chenyewe huenda kikawa fuvu, ngozi ya ndege, gamba la samaki au jiwe lenye alama ya jani. Watu huinua shingo. Walioketi nyuma husimama, na mtoto aliyeletwa na mama yake huuliza kwa sauti kile ambacho watu wazima wameona haya kukiuliza: "Hicho ni nini?" Hapo ndipo mazungumzo huanza, kwa kuwa swali limetoka kwa wasikilizaji wenyewe.

Nauhusudu sana ukimya huo. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake akichunguza vyura wa milima ya Uluguru au popo wa mapango ya Shimoni ana mengi kifuani, na kila moja analiona lina haki ya kusemwa. Darasani angeruhusiwa, maana wanafunzi wana mtihani mbele yao na watavumilia. Mhadhara wa jioni hauna mtihani wala cheti. Waliokuja wametoka kazini, wamekaa kwenye foleni ya magari, tumbo linadai na nyumbani wanangojwa. Wamekuja kwa hiari na wanaweza kuondoka kwa hiari. Mhifadhi anayelijua hilo huchagua. Anajua mambo mia, anasema kumi, na hayo kumi yote ameyachota kwenye kitu kilicho mezani. Yale tisini hayapotei. Ndiyo yanayompa utulivu wa sauti, na ndiyo yatakayomsimamia maswali yatakapoanza.

Kazi hii ina wazee wake. London, katika mtaa wa Jermyn, palikuwa na makumbusho ya jiolojia ambako katikati ya karne ya 19 wanasayansi walitoa mihadhara ya jioni kwa mafundi na vibarua. Mmoja wao alikuwa Thomas Henry Huxley. Mwaka 1868 alikwenda mji wa Norwich, akasimama mbele ya wafanyakazi wa mji huo na mada moja tu: kipande cha chaki. Norwich yenyewe imejengwa juu ya mwamba wa chaki, na hakuna seremala wa siku zile aliyekosa kipande mfukoni. Huxley akaanzia hapo hapo mfukoni. Akawaonyesha kwamba chaki ikiwekwa chini ya hadubini huonekana imejaa magamba ya viumbe wadogo mno walioishi baharini, wakafa, wakazama, wakarundikana sakafuni mwa bahari kwa muda usiohesabika. Wasikilizaji walipofika kwenye umri wa dunia walikuwa wamekwenda kwa miguu yao wenyewe, hatua kwa hatua, kutoka kwenye kitu wanachokishika kila siku. Mhadhara huo ulichapishwa na bado unasomwa. Kwa maoni yangu, hakuna aliyeupita katika jambo moja: Huxley hakutaja ukubwa wa jambo lolote kabla ya kuonyesha udogo wake.

Kwetu Afrika Mashariki, mizizi iko Nairobi. Mwaka 1909 kiliundwa chama cha wapenda viumbe wa Afrika Mashariki na Uganda. Waanzilishi wake walikuwa maafisa na walowezi wa enzi ya ukoloni, na mwaka uliofuata wakaanzisha makumbusho ya kuweka vitu walivyokusanya. Jengo la sasa, pale kilimani, lilifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Coryndon, na baada ya uhuru likawa Makumbusho ya Taifa. Chama chenyewe hakijafa. Leo kinaitwa Nature Kenya, na mazungumzo mbele ya umma yamebaki kuwa sehemu ya maisha yake. Makusanyo na mazungumzo vimekuwa ndugu wa tumbo moja tangu awali. Anayekusanya bila kusimulia anajaza stoo, na anayesimulia bila kukusanya anategemea watu wamwamini tu.

Niliyaelewa haya barabara siku nilipomwona mhifadhi mmoja wa ndege akizungumza juu ya mbayuwayu. Ndege huyo kila mtu anamjua. Anapita juu ya viwanja vya shule, juu ya mabwawa, juu ya waya za umeme, na hatuinui hata macho. Wa mezani alikuwa ngozi kavu, amelala chali, macho yake ni pamba nyeupe, miguu imepishanishwa na kufungwa uzi, na kwenye uzi ule inaning'inia lebo ndogo ya karatasi ngumu. Mhifadhi alivaa glovu. Akaeleza sababu kwa sentensi moja, kwamba ngozi nyingi za zamani zilipakwa sumu ya aseniki ili wadudu wasizile, kisha akaendelea. Msemaji mwingine angetuweka kwenye aseniki kwa robo saa.

Akaisoma lebo. Mahali. Siku. Mwezi wa Januari. Dume. Jina la aliyeikusanya. Akatuuliza: aliyeandika "dume" alijuaje, na hawa kwa nje wanakaribia kufanana? Tulikisia mkia, tukakisia rangi. Akatueleza namna ngozi inavyoandaliwa. Fundi hupasua tumbo kwa mkato mfupi, hutoa mwili mzima huku ngozi ikibaki na mabawa, miguu na fuvu, hujaza pamba badala ya nyama, hushona. Kabla ya kuutupa mwili ule ni lazima auangalie ndani na kuandika alichokiona, kwa maana nafasi hiyo hairudi. Kwa hiyo neno moja kwenye lebo ni ushahidi wa mtu aliyefanya kazi kwa adabu wakati hakuna anayemtazama. Ukumbi ukatulia. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba maandishi madogo kiasi kile yana tabia ya mtu ndani yake.

Kisha akakunjua bawa kidogo, kwa ncha ya kibanio, akaomba walio mbele wasogee. Manyoya makubwa ya bawa hayakuwa sawa. Mengine yalikuwa marefu na yamechakaa ncha, mengine mafupi, mapya, yenye weusi wa kung'aa, yakiwa bado yanachipuka. Ndege huyu alikuwa katikati ya kubadili manyoya alipokufa. Mbayuwayu wa Ulaya huzalia kaskazini wakati wa kiangazi cha huko, halafu husafiri hadi Afrika, na ni huku kwetu anakobadili manyoya ya mabawa yake. Bawa litakalomrudisha kaskazini limeota kwa wadudu wa Afrika. Mhifadhi hakulipamba jambo hilo. Alilisema, akalaza bawa, akangoja.

Mtu mmoja akauliza watu walijuaje kwamba ni ndege yule yule. Jibu lilikuwa tayari, nalo lilikuwa na tarehe. Mwezi Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza. Disemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini, pete ikiwa mguuni. Kabla ya hapo watu walibashiri; wapo hata waliowahi kuamini kwamba mbayuwayu hulala kwenye tope la maziwa majira ya baridi. Pete moja ikamaliza ubishi. Tazama jinsi hadithi ilivyopangwa: ndege wa kawaida, lebo, neno moja, bawa moja, pete moja. Hakuna takwimu hata moja ya idadi ya mbayuwayu duniani, na bado nilitoka nikiwa najua zaidi kuliko kama ningepewa majedwali kumi.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini kuweka ngozi kavu nyingi, na picha zipo? Wahifadhi huulizwa hivyo karibu kila jioni, na wazuri miongoni mwao hawakasiriki. Hujibu kwa mfano. Mfano mmoja maarufu ni wa mayai. Katika miaka ya 1960 Derek Ratcliffe wa Uingereza alitaka kujua kwa nini mayai ya kozi yalikuwa yakivunjika kiotani. Akapima mayai yaliyokusanywa zamani akayalinganisha na mapya, akagundua kwamba maganda yamekuwa mepesi tangu dawa za wadudu za aina ya DDT zilipoanza kutumika. Matokeo aliyachapisha mwaka 1967. Waliokusanya mayai yale miaka mingi kabla hawakuwahi kulisikia jina la DDT. Droo ililijibu swali ambalo halikuwa limezaliwa.

Lakini mfano niupendao kuliko wote ni wa samaki aitwaye silikanti, na kwa sisi watu wa pwani ni wa nyumbani kabisa.

Disemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer alikuwa msimamizi kijana wa makumbusho madogo ya mji. Alikuwa na desturi ya kwenda bandarini kuangalia samaki waliovuliwa, akichagua wa kuhifadhi. Alikwenda kuwatakia mabaharia heri ya Krismasi, na chini ya lundo la papa na samaki wengine akaona pezi la buluu. Akafukua. Samaki mwenyewe alikuwa na urefu wa karibu mita moja na nusu, magamba magumu, na mapezi yaliyokaa juu ya vikonyo vya nyama kama yanataka kuwa miguu. Dereva wa teksi hakutaka kumbeba kwa ajili ya harufu, ikabidi abembelezwe. Mjini hapakupatikana chumba cha baridi cha kumweka, hata chumba cha maiti kilimkataa. Akaishia kwa fundi wa kukausha wanyama, ngozi ikaokolewa, matumbo yakapotea. Latimer alikuwa ameshachora mchoro na kumwandikia J. L. B. Smith, mtaalamu wa samaki. Samaki wa ukoo huo alikuwa akijulikana kwenye mawe tu, na wataalamu waliamini kwamba ametoweka tangu zama za dinosaria. Smith akampa jina la kisayansi Latimeria, kwa heshima ya mwanamke aliyekataa kumwacha aoze.

Wa pili alipatikana mwaka 1952, visiwani Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua siku zote na kumwita gombesa. Kuanzia mwaka 2003 na kuendelea, wavuvi wa Tanzania nao wakaanza kumkuta kwenye majarife yao, hasa upande wa Tanga. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Hadithi hiyo peke yake inatosha kujaza ukumbi, na wasemaji wengi huishia hapo, kwenye maajabu. Mhifadhi stadi hufika mbele kidogo. Huchukua gamba moja. Gamba la silikanti ni gumu, na sehemu inayobaki nje ya mwili ina vinundu vinavyokwaruza kidole. Kwa mwanga wa kawaida wa hadubini utaona ndani yake duara baada ya duara, na kwa kuhesabu duara hizo watafiti wa zamani walidhani silikanti haishi zaidi ya miaka ishirini hivi. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya kuangalia upya magamba ya silikanti 27 waliokuwa wamehifadhiwa kwenye makusanyo, samaki waliovuliwa Komoro miaka mingi iliyopita. Walitumia mwanga uliochujwa, ambao miali yake hutetemeka upande mmoja tu. Kati ya kila duara mbili nene, ikaonekana mistari myembamba ambayo mwanga wa kawaida ulikuwa ukiificha. Kila mstari ni mwaka. Hesabu ikapanda karibu mara tano. Mkubwa kuliko wote alikuwa na umri wa miaka 84, na sasa inakadiriwa kwamba samaki huyu anaweza kukaribia miaka mia. Jike hafikii kuzaa mpaka apite miaka hamsini, na mimba yake huchukua takriban miaka mitano.

Weka taarifa hiyo mbele ya ukumbi wa wavuvi, kwa Kiswahili, na gamba likiwa linapita mkono kwa mkono. Huhitaji kumwambia mtu kwamba jarife moja linaweza kuondoa jike aliyezaliwa kabla ya bibi yake. Ataliona mwenyewe kwenye kiganja. Na mhifadhi mwenye busara, akiwa mbele ya watu waliokesha baharini tangu utoto, atauliza kabla ya kueleza: mlimkuta kina gani, msimu gani, maji yalikuwaje? Kuna elimu ambayo makumbusho hayana, nayo iko kwenye viti vya ukumbini. Kuipokea nako ni ustadi, maana anayepokea ni lazima kwanza ashuke kwenye jukwaa la ujuzi wake.

Ninapowasikiliza wasemaji hawa huwapima pia kwa jambo la haki: wanamtaja nani? Wengi wetu tunalijua jina la Leakey, familia ya watafiti wa visukuku. Kijana wa Turkana, mifupa ya mtu wa kale wa miaka milioni moja na nusu hivi iliyofukuliwa Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, husimuliwa mara kwa mara kama mali ya viongozi wa msafara. Mhifadhi mzuri huanza na Kamoya Kimeu. Mwana huyu wa Ukambani alianza kazi ya kuchimba mwaka 1960 huko Olduvai, bila elimu kubwa ya shule, akajifunza kwa macho na mikono hadi akawa mtafutaji wa visukuku asiye na mpinzani. Mwaka 1964, kando ya Ziwa Natron, aliona taya la Peninj. Mwaka 1984, kwenye ukingo wa mto mkavu wa Nariokotome, aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso kikiwa kimelala kati ya changarawe nyeusi. Kilikuwa na rangi ya changarawe zile zile. Wengine wangekipita, na nadhani hata ng'ombe na mbuzi walikipita mara nyingi.

Hapa ndipo nampenda msemaji anayesimama. Badala ya kukimbilia mifupa zaidi ya mia moja iliyopatikana baadaye, humwaga mezani kiganja cha changarawe nyeusi, akaweka kati yake nakala ya kipande kile, akamwita mtu mmoja ajaribu kukiona. Mtu huinama. Dakika inapita. Ukumbi mzima unamsaidia kwa macho. Akikiona au asikione, kila aliye pale ameshajua Kamoya Kimeu alikuwa nani. Hapo tena ndipo huja habari ya mti wa miiba uliokuwa umeota mahali pale, mizizi yake ikiwa imekumbatia vipande vya fuvu, na wachimbaji wakilazimika kuvitoa mzizi baada ya mzizi. Habari ya urefu wa kijana yule, wa karibu mita moja na sentimita sitini, na ya meno yanayoonyesha kwamba alikufa bado mtoto, hukaa vizuri baada ya hapo. Kimeu alifariki mwaka 2022. Jina lake lina haki ya kutajwa mwanzoni mwa mhadhara, siyo kwenye shukrani za mwisho.

Vivyo hivyo Tendaguru. Dinosaria mrefu aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya viumbe ya Berlin, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, alitoka ardhini huko Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani uliajiri mamia ya watu wa sehemu zile kuchimba, na zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zikabebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, vichwani na mabegani. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mhifadhi yeyote, awe Berlin au Dar es Salaam, anayesimama chini ya mifupa ile na kuanza na jina la Boheti, amefanya kazi yake sawasawa. Ameirudisha mifupa kwenye njia iliyopita.

Sasa maswali. Wengi hudhani mhadhara unakwisha makofi yakipigwa. Kwangu mimi, kipimo cha mhifadhi ni nusu saa inayofuata. Kuna jibu ambalo wengi hulikwepa, nalo ni "sijui". Mwanafunzi wa sekondari akiuliza kwa nini silikanti wa Tanzania walianza kuonekana mwaka 2003 na si zamani, mhifadhi mkweli atasema yapo maelezo, hasa kwamba majarife yalianza kutegwa kwenye maji ya kina kirefu, na atasema pia ni sehemu gani ya jibu haijathibitishwa. "Sijui" ya mtu anayejua ina uzito wake. Haijifichi, na humwonyesha kijana yule kwamba ipo nafasi inayomngoja.

Halafu kuna mtu wa jiwe. Popote penye mhadhara wa visukuku atakuwepo mmoja, mara nyingi mzee, mwenye mfuko wa plastiki na ndani yake jiwe alilolihifadhi miaka mingi akiamini ni yai la joka au jino la jitu. Nimeona wasomi wakilitupia jicho jiwe kama hilo na kusema, "Ni jiwe tu," wakageukia swali jingine. Mzee akalifunga tena, akatoka. Mhifadhi stadi hulipokea kwa mikono miwili. Hulisogeza kwenye mwanga, hulitazama kwa lenzi, huligeuza, huuliza: "Mzee wangu, ulilipata wapi hasa? Kando ya mto au juu yake? Yalikuwepo mengine?" Huuliza hivyo kwa dhati, maana jiwe lisilo na mahali lilikotoka ni kama ngozi ya ndege isiyo na lebo, haliwezi kusema kitu hata likiwa la thamani. Kisha humweleza ukweli, kwamba maji na chumvi za ardhini huweza kulifinyanga jiwe likafanana na yai, na humwonyesha alama ambazo mfupa ungekuwa nazo: vitundu vidogo kwenye sehemu iliyovunjika, ukuta mnene na kiini chepesi. Mwisho humwomba, siku akikuta kitu chenye alama hizo, akiache pale pale na kutoa taarifa, kwani kwa sheria za Kenya na za Tanzania masalia ya kale ni mali ya taifa. Mzee huondoka akiwa amepata macho mapya. Kesho yake atakuwa mtafutaji. Kamoya Kimeu naye alianza kwa kuonyeshwa.

Sauti, mikono na mpangilio wa taa ni mambo ya mazoezi, na sitayarefusha. Itoshe kusema kwamba slaidi nyingi huua mhadhara, na kwamba mtu anayezisoma slaidi zake huku amewapa watu mgongo angetuma karatasi tukasome nyumbani. Mkono unaoshika kielelezo ni jambo jingine. Uangalie. Mhifadhi mwenye uzoefu hunyanyua fuvu kwa kiganja chote, huliweka juu ya mto mdogo wa mchanga au sponji, na haliinui juu zaidi ya kimo kidogo kutoka mezani hata akiwa katika kilele cha hadithi. Hasemi kwamba anakiheshimu kitu. Mikono imeshasema, na watoto huiga: wakiruhusiwa kushika nakala, huishika kwa namna ile ile bila kuambiwa.

Jambo moja linanisumbua, nami nalisema wazi kwa sababu naipenda kazi hii. Mihadhara hii kwetu bado hutolewa kwa Kiingereza mno, na kwa hiyo ukumbi huwa na watu wale wale. Jioni ni saa yetu ya mazungumzo tangu zamani. Watu waliokaa barazani baada ya magharibi wameshazoea kusikiliza kwa muda mrefu, kukatiza kwa swali, kubisha, na kudai ushahidi. Hadhira ya namna hiyo ndiyo mhifadhi anayoihitaji, nayo iko Tanga, Lindi, Arusha, Lodwar na Malindi, inangoja kuitwa. Wahifadhi wengi wenyewe huzungumza Kiswahili kizuri sana wakiwa nyuma ya pazia, wakielekezana na mafundi wao juu ya pamba, spiriti na droo. Wakilileta Kiswahili hicho mbele, bila kukivalisha joho, mhadhara utakuwa umekamilika.

Kwa wanaoongoza makumbusho yetu, ombi langu ni dogo: wapeni wahifadhi jioni moja kila mwezi kwa Kiswahili, kitu kimoja mezani, na muda wa kutosha wa maswali. Kwako msomaji, ukisikia mhadhara umetangazwa mjini kwako, nenda na mtoto, ketini mstari wa mbele, na mhifadhi akinyamaza, mwache mtoto aulize.